Shangazi Niliyemwandika Vibaya

Nilistaafu ualimu nikiwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Miaka thelathini na kitu nilifundisha Kiswahili hapa Garissa, kwa watoto ambao, kama mimi mwenyewe, waliikuta lugha hiyo shuleni na kuiacha getini wakirudi nyumbani kwenye Kisomali chao. Kusahihisha insha kulinimaliza macho na kwa kiasi fulani kulinimaliza moyo. Nilitaka kukaa tu, niangalie ukuta.

Kwa hiyo meneja wa kituo kidogo cha runinga kilichokuwa kimefunguliwa hapa mjini aliponipigia simu, akitaka nimwandikie tamthilia ya vipindi kumi na viwili, nilimwambia hapana. Akapiga tena, nikamwambia hapana. Safari ya tatu alikuja mwenyewe, akaketi kwenye mkeka wetu, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akasema, "Mwalimu, watu wetu kila jioni wanatazama familia za nchi nyingine zikigombana. Tuandikie familia moja ya hapa." Mke wangu alikuwa akimimina chai, akanitupia jicho. Nikakubali. Nadhani nilikubali kwa sababu nguvu za kukataa zilikuwa zimekwisha.

Familia niliyoiandika ilikuwa hivi. Baba ni mnunuzi wa ng'ombe. Mkewe anafariki, anamwachia watoto watatu. Dada yake baba anahamia pale nyumbani kuwalea. Kwetu dada ya baba anaitwa eedo, na tuliona asipewe jina lingine lolote. Watoto wanamwita Eedo, majirani wanamwita Eedo, na baada ya muda mji mzima ulimwita Eedo. Huyu ndiye aliyepaswa kuwa mtu mbaya wa hadithi. Anafunga sukari kwa kufuli, anapiga kelele alfajiri, anagawa nguo za watoto kwa wageni, anamtoa msichana mkubwa shuleni.

Sikumwambia mtu kwamba Eedo alikuwa mtu wa kweli. Nilipokuwa na miaka tisa mama yetu alifariki huko Masalani, akatuacha watoto wanne, na dada ya baba akaja kutoka Sangailu kukaa nasi. Alikuwa kijana bado, ameachwa na mume, hana mtoto. Alitulea miaka saba. Katika miaka hiyo saba nilikusanya manung'uniko kama mtu anavyokusanya kuni: kijiti leo, kijiti kesho. Sanduku la bati lenye sukari na kufuli lake. Kanzu yangu ya Idi aliyompa mtoto wa mgeni. Dada yangu aliyeachishwa shule akiwa darasa la tano. Nilibeba mzigo huo zaidi ya miaka hamsini bila kumwambia mtu, na nilipopewa karatasi, nikautua wote kwa mpigo. Sijawahi kuandika haraka namna ile. Nilidhani wepesi ule ni dalili ya kipaji.

Mwelekezi wetu alikuwa kijana wa Wajir aliyesomea kazi hiyo Nairobi, mtu mwenye adabu, mwenye kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Kwa nafasi ya Eedo mimi nilimtaka mama mmoja muuza maziwa ya ngamia sokoni, ambaye sauti yake ilikuwa inasimamisha mbuzi. Alikuja kwenye majaribio akatutisha sote. Kesho yake akatuma ujumbe kwamba haji tena, binti zake wamekataa mama yao aonekane mbaya mbele ya watu. Mwelekezi hakusikitika. Alikuwa ameshamwona mtu wake.

Huyo alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa wetu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye uso wa upole na mikono myepesi. Wajukuu wangu walichomwa sindano na yeye wakasahau kulia. Aliwahi kuigiza akiwa shule ya sekondari, na alisema anakosa kitu tangu aache.

"Huyu?" nilimwuliza mwelekezi. "Huyu hawezi kumchukiza hata nzi."

"Ndiyo maana," akasema. "Mtu mbaya mwenye sura nzuri anauma zaidi."

Sikukubali.

Tulifanya mazoezi alasiri katika nyumba ya kupanga, yenye vyumba vinne na feni moja. Muuguzi alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alivua viatu mlangoni, miguu imevimba, akaegemeza mgongo ukutani ambako kulikuwa na ubaridi kidogo, kisha akafungua karatasi zangu. Na aliuliza maswali. Wengine walisoma tu, yeye aliuliza.

"Mwalimu, huyu Eedo anafungia watoto sukari kwa nini?"

"Ni mchoyo."

"Na kabla hajaja kwa kaka yake alikuwa wapi?"

"Haimo kwenye hadithi."

"Najua haimo. Nauliza kwa ajili yangu, nijue nisimame vipi."

"Simama kama mtu mkali," nilimwambia. "Ni mkali tu. Wapo watu wakali tu duniani."

Aliandika kitu pembezoni mwa karatasi, akaendelea kusoma. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka kabla ya jua. Nilitaka apaze sauti. Alipopaza, ilisikika kama mtu anayeita mgonjwa kwenye foleni. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba tamthilia yangu imeharibika kabla haijaanza.

Kipindi cha kwanza kilirushwa siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Mji ulitazama. Cha pili, ukatazama. Ilipofika cha nne nilikwenda kukaa kwenye hoteli moja ya chai karibu na soko la mifugo, nione mwenyewe watu wanavyotazama, maana mtu akikuangalia usoni hakuambii ukweli.

Nilitarajia wamchukie Eedo. Mtu mbaya akiandikwa vizuri watu hufurahia kumchukia. Wanamtukana, wanapiga meza, wanasogeza viti mbele. Nilichokiona kilinikatisha tamaa kuliko matusi. Eedo alipotokea kwenye runinga, mmoja alitoa simu yake. Wawili walianza kuzungumza habari za mvua. Mzee mmoja akainuka kwenda kutawadha, na swala ilikuwa mbali bado. Mwenye hoteli, ambaye hakujua kwamba mimi ndiye mwandishi, alichukua rimoti akashusha sauti.

"Kwa nini unashusha?" nilimwuliza.

"Huyo mama akikuja mimi nabunguza," akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, kinachoigeuza p kuwa b. "Akienda, narudisha. Huyo mama nachosha, wallahi. Yeye kelele, kesho kelele, kesho kutwa kelele. Hata mke wangu nyumbani, yeye nabumzika kidogo."

Watu wakacheka. Nilimaliza chai yangu nikaondoka kabla kipindi hakijaisha.

Lakini huko zahanati mambo hayakuwa ya kuchekesha. Binti yangu alimpeleka mwanawe kupata chanjo, akarudi na habari. Kina mama waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakimkataa yule muuguzi. Mmoja alimvuta mtoto wake kifuani akasema waziwazi, "Si wewe. Aje mwingine." Mwingine alimwuliza kama ni kweli alimfukuza yule msichana shuleni. Muuguzi alimjibu kwamba ile ni michezo tu. Yule mama akasema, "Lakini mtu hawezi kusema maneno kama yale kama hayamo ndani." Na muuguzi, binti yangu alivyosimulia, akarudisha sindano kwenye trei, akaenda kumwita mwenzake.

Baada ya kipindi cha sita meneja alituita sote watatu, mwelekezi, muuguzi na mimi. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja lililofunikwa kwa kadibodi ili jua lisiunguze mitambo. Alitusikilizisha jumbe za sauti ambazo watazamaji walituma, moja baada ya nyingine, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na zote zilisema jambo moja: mtoeni huyo mama.

"Hawasemi ni mbaya," meneja akasema. "Wanasema anachosha. Sasa nataka kujua, kosa liko wapi? Kwenye skripti, kwenye uigizaji, au tulichagua mtu asiyefaa?"

Mwelekezi akasema kwa heshima kwamba pengine mhusika mwenyewe hana kina. Meneja akasema kwa maoni yake tangu mwanzo tulihitaji mtu mwenye sura ngumu. Zamu yangu ikafika. Ningeweza kusema neno lolote. Nilisema, "Kosa ni la uigizaji. Hajui ukali. Mtu akiwa mkali lazima imtoke moyoni, na yeye anasoma kama anayesoma cheti cha dawa."

Alikuwa ameketi karibu nami, mkono mmoja kutoka kwangu. Bado alikuwa na sare ya kazi chini ya buibui. Alifunga karatasi zake, akazipanga kingo kwa kingo juu ya goti.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekuuliza mara nne huyu mama anataka nini. Hukunijibu hata mara moja. Sasa unaniambia imtoke moyoni. Moyo wa nani?"

Meneja akakata shauri: vipindi viwili zaidi vimesharekodiwa, vitaonyeshwa, na kuanzia cha tisa Eedo aondoke. "Mpeleke Hijja," akaniambia, "au afe. Wewe chagua."

Nilikwenda nyumbani kumuua shangazi yangu, na kalamu haikutembea. Siku tatu nilikaa na daftari lile lile. Siku ya nne dada yangu, yule aliyeachishwa shule, akapiga simu kutoka Masalani. Eedo wetu alikuwa ameanguka uani na kuumia nyonga. Hakuvunjika, alisema, ila nije, maana ananiulizia.

Nilipata nafasi kwenye gari la afisa wa mifugo aliyekuwa akielekea huko. Ni safari ya saa kadhaa kuufuata mto bila kuuona, vumbi kwenye meno, na nilisinzia na kuamka nikiwa na hofu ile ile ya kumtazama usoni. Sikuwa nimemwona shangazi karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikimtumia mahitaji, nikijiambia kwamba hiyo yatosha.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba chini ya paa la mabati, ameelekeza uso mlangoni. Amekuwa mdogo. Sikio moja halisikii, na ulimi wake haujapungua makali hata chembe. Baada ya salamu na dua, kitu cha kwanza alichosema ni, "Ile TV yako tunaiona. Kwa jirani."

Dada yangu alikuwa akichemsha maziwa pembeni. Akainamisha kichwa.

"Unaiona?" nikasema.

"Naiona. Yule ni mimi."

Niliapa kwamba siye. Akanyoosha mkono kunizuia, kama anavyofukuza kuku.

"Usiape bure, dhambi. Sanduku la sukari ni langu. Kanzu ya Idi ni yako. Unafikiri nimesahau? Sikukasirika. Mimi nilikuwa mkali, hata Mungu anajua. Lakini umekosea kitu kimoja na kinanisumbua kila wiki. Yule mama anafunga sukari mbele ya watoto, ufunguo shingoni, anawatikisia. Mimi lini nilifunga mbele yenu?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka kufuli. Mkono unaolifunga sikuukumbuka.

"Nilifunga mkiwa madrasa," akasema. "Sikutaka mwone. Watu walikuwa wakija kumpa baba yenu pole, mwaka mzima walikuja, na mgeni akija akakosa chai atasema nyumba hii imekufa pamoja na mama yenu. Sukari ilikuwa nusu kilo. Nilikuwa nikifunga, halafu nakaa juu ya sanduku nalia kidogo, halafu nawangoja mrudi. Wewe ulikuja siku moja ukaona kufuli. Ukanitazama vile. Nikanyamaza. Ningemwambia nini mtoto?"

Dada yangu alikuwa ameacha kukoroga. Nikamwuliza shangazi kuhusu shule, kwa nini alimwachisha. Hilo hakulipamba. "Nilishindwa," akasema. "Peke yangu, watoto wanne, na baba yenu yuko na ng'ombe mwezi kwa mwezi. Nilihitaji mikono miwili. Nilichukua yake. Hilo andika hivyo hivyo, ni kosa langu." Kisha akamgeukia dada yangu, "Naam, nimelisema." Dada yangu akasema kwa sauti ndogo, "Nimesikia, Eedo," akatoka nje na sufuria ingawa maziwa hayakuwa yamechemka.

Nilidhani shangazi amelala. Mara akasema, macho yamefumba:

"Yule msichana anayekuwa mimi ni hodari. Anavyokaa chini, anavyoshika kiuno kabla ya kuinuka, ni mimi kabisa. Mwili wake umechoka. Lakini maneno mnayompa ni ya mtu aliyelala vizuri. Mtu aliyechoka hapigi kelele yote hiyo. Atapata wapi pumzi?"

Nimefundisha fasihi tangu ujana wangu. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni maana ya mhusika bapa na mhusika mviringo, nikawaonya wasichanganye. Wala haikunijia hata siku moja, nikiwa nimekaa chini ya feni ile moja nikimsikiliza muuguzi, kwamba uchovu wake niliouita udhaifu ndio kitu pekee cha kweli katika kazi nzima.

Niliporudi Garissa niliandika upya kipindi cha tisa. Eedo hakufa wala hakwenda Hijja, na meneja akakubali shingo upande. Niliandika onyesho la dakika tatu lisilo na neno: watoto wanatoka kwenda madrasa, yeye anapima sukari iliyobaki kwa kikombe, anafunga sanduku, anakaa juu yake. Kisha anawasikia wanarudi, anajipangusa uso kwa kanga, na anaanza kuwakaripia kuhusu viatu.

Nilikwenda zahanati na karatasi hizo. Nilikaa kwenye benchi na kina mama, nikangoja. Yule muuguzi aliponiona alidhani naumwa.

"Siumwi," nilimwambia. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilichosema ofisini hakikuwa kweli. Kosa lilikuwa langu, nami nilijua, au ningejua kama ningekujibu ulichouliza."

Alivua glavu. "Nimeshamwambia mwelekezi siendelei, Mwalimu. Nimechoka. Hapa kazini nahitaji watu waniamini."

"Najua. Soma tu. Ukikataa baada ya kusoma, sitarudi."

Alisoma amesimama, mlangoni mwa chumba cha sindano. Alisoma mara mbili. "Kwa hiyo alikuwa wapi kabla ya kuja?" akauliza. Nikamweleza: Sangailu, mume aliyemwacha, mtoto asiyepatikana, yote. Ilichukua muda, na foleni ikaanza kunung'unika. Mwishowe akasema, "Nitafanya hicho kimoja. Baada ya hapo, basi."

Alikifanya mara moja tu, bila kurudia. Mwelekezi hakusema "kata" kwa muda mrefu hata mpiga kamera akageuka kumtazama. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikawa sina mahali pa kuweka mikono yangu.

Ningependa kusema kwamba kipindi hicho kilibadilisha kila kitu. Kilibadilisha kidogo. Jumbe zilikuja, chache kuliko zile za kulaani, na baadhi zilisema sasa Eedo amekuwa mpole mno, hawaelewi. Mwenye hoteli, nilisikia, hakushusha sauti siku ile, ila huenda rimoti ilikuwa imepotea. Watazamaji wengi walikuwa wameshahama. Unapomchosha mtu vipindi vinane, hana deni la kukungoja kipindi cha tisa. Tamthilia iliishia cha kumi na mbili bila kelele, na meneja hakuomba nyingine. Muuguzi alikubali kurudi kwa vipindi vile vitatu vya mwisho, kisha akaacha kabisa. Ilipita karibu miezi mitatu ndipo kina mama wakaacha kumkimbia. Mwaka uliofuata alipata kazi Griftu, kule Wajir, akasema huko anataka kuanza kwa uso usiojulikana. Alikuja kutuaga. Alikunywa chai na mke wangu, wakazungumza habari za maji ya kule, na kazi yetu ile hatukuigusa hata kidogo.

Mwelekezi bado hukutana nami msikitini, na bado tunabishana. Yeye sasa anasema kosa lilikuwa lake, kwamba uso ule wa upole ulihitaji hadithi nyingine. Nakataa. Anasema waigizaji wakubwa huokoa maandishi mabovu. Nakataa hilo pia, lakini kwa unyonge zaidi, kwa sababu nimeona waliookoa. Ninachojua ni hiki tu: mtu anapokuchosha kwenye runinga, mara nyingi kuna mwandishi mahali fulani ambaye hakutaka kumjua. Wala simlaumu sana. Kumjua mtu uliyemchukia ni kazi nzito, na wengi wetu tunaikuta tukiwa tumeshaishiwa nguvu.

Shangazi alipona nyonga, anatembea na mkongojo. Dada yangu ananiambia kwamba siku hizi wanakaa wawili mlangoni kuchambua mchele, na kwamba Eedo anamkaripia kuhusu mawe anayoyaacha. Nilimwuliza kama inamsumbua. Alifikiri, kisha akasema, "Naye pia anayaacha. Haoni vizuri." Nikamwambia nitakuja mvua zikikatika. Akasema sawa, nilete dawa ya macho, na akakata simu kwa sababu mbuzi walikuwa wameingia jikoni.